Mashine ya dhahabu Kewanja: Mtaji uanze na udongo

Bei ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola za Marekani 3,000 kwa wakia mwezi Machi 2025, na miezi saba baadaye, Oktoba 2025, ikavuka dola 4,000. Kwa mfanyabiashara anayekumbuka kwamba mwaka 1999 wakia hiyo hiyo ilishuka hadi dola 250 hivi, kupanda huko ni kishawishi kikubwa. Si ajabu basi kuona wenye mitaji midogo wa Kanda ya Ziwa, wakiwamo wa maduka ya nguo, mashine za kusaga na usafirishaji, wakitafuta mlango wa kuingilia katika biashara hii.

Mlango unaoonekana rahisi kuliko yote ni detekta, yaani mashine ya kutafutia dhahabu inayobebwa mkononi. Haihitaji duara, haihitaji matimba wala karasha. Mwenye fedha ananunua mashine, anamkabidhi kijana mwenye nguvu na subira, kisha mapato wanagawana. Katika karatasi ni mradi safi: mtaji mmoja, mtu mmoja, hakuna mshahara wa mwezi.

Lakini mradi huo unapopelekwa Kewanja, wilayani Tarime, katika eneo la Nyamongo lililo karibu na Mgodi wa North Mara na si mbali na mpaka wa wilaya ya Serengeti, hesabu yake hubadilika. Wanaouza mashine huzungumzia mashine. Anayetoa fedha anapaswa kuanza na jambo jingine kabisa, nalo ni udongo. Mashine ile ile inayofanya vizuri jangwani inaweza kuwa mzigo katika ardhi ya Mara, na mwenye mtaji hugundua hilo fedha zikiwa zimekwishatoka.

Udongo unavyoidanganya mashine

Detekta haijui dhahabu. Inachojua ni kwamba kuna kitu chini kinachoitikia nguvu ya sumaku. Koili yake hutuma nguvu hiyo ardhini, ikigusa metali huzalisha mkondo mdogo wa umeme ndani yake, na mkondo huo hurudisha jibu dogo ambalo mashine huligeuza kuwa sauti. Msumari hujibu, kifuniko cha soda hujibu, ganda la risasi hujibu, na dhahabu hujibu vilevile.

Tatizo ni kwamba hata ardhi yenyewe inaweza kujibu. Ardhi ya Nyamongo ni sehemu ya ukanda wa miamba ya kale sana unaotoka Musoma, unapita Tarime na kuendelea Migori nchini Kenya, ambako mgodi wa Macalder ulifungwa mwaka 1966. Ni miamba yenye chuma kingi. Ilipooza kwa mvua na jua kwa muda mrefu, chuma kilibaki juu kama udongo mwekundu, changarawe za moramu na mawe meusi mazito. Chuma hicho ndicho wataalamu wanachokisema wanapotaja ardhi yenye madini mengi.

Katika ardhi ya namna hiyo jibu la udongo huweza kuwa kubwa mara nyingi kuliko jibu la punje ya dhahabu iliyomo. Mtafutaji husikia kelele mfululizo. Akiipunguza mashine nguvu ili inyamaze, anakuwa amepunguza pia uwezo wake wa kusikia dhahabu. Akiiacha na nguvu zake zote, anachimba kila mahali na kupata jiwe la chuma. Kuna mawe ambayo hulia kama dhahabu halisi, na mgeni huyachimba siku nzima.

Aidha, kina nacho kina kanuni yake. Kitu kinapokuwa mbali kuliko upana wa koili, umbali ukiongezeka mara mbili, jibu linalorudi hupungua kiasi cha mara 64. Ndiyo maana ahadi ya muuzaji kwamba mashine inaona mita tatu au nne chini haina maana mpaka aseme inaona nini. Pipa la chuma, labda. Punje ya dhahabu ya nusu gramu katika udongo mwekundu ni habari ya sentimita chache, na mtu akibahatika, shubiri moja.

Mashine za aina mbili

Mfanyabiashara hana haja ya kuwa fundi, lakini lazima ajue kwamba madukani kuna makundi mawili makubwa, na kwamba tofauti ya bei yake ina sababu.

Kundi la kwanza hutuma mawimbi bila kukatika. Ni nyepesi, hazili betri nyingi, na nyingine huuzwa chini ya dola 1,000. Zina uwezo mzuri wa kusikia punje ndogo sana zilizo karibu na uso wa ardhi, na nyingi hujaribu kutofautisha chuma na metali nyingine. Udhaifu wake ni kwamba zinasikiliza wakati huo huo zinapotuma, kwa hiyo kelele ya udongo wa chuma huingia moja kwa moja masikioni. Katika moramu nzito hupoteza sehemu kubwa ya kina chake, na hata kipimo cha kutofautisha chuma na dhahabu huanza kusema uongo.

Kundi la pili hutuma mapigo. Mashine hupiga, hunyamaza, kisha husikiliza. Kwa kuwa sehemu kubwa ya jibu la udongo hufa mara pigo linapokwisha, mashine hizi hupenya ardhi ya chuma vizuri zaidi. Kampuni ya Minelab ya Australia, iliyoanzishwa mwaka 1985, ndiyo iliyojijengea jina hapa tangu ilipotoa mashine ya SD2000 mwaka 1995. Nyingine zilifuata, zikiwamo GPX 5000, GPZ 7000 ya mwaka 2015 na GPX 6000 ya mwaka 2021, ambayo ilipotoka iliuzwa Marekani kwa karibu dola 6,000.

Hata hizi si dawa ya kila kitu. Kuna aina ya chuma katika udongo mwekundu ambacho jibu lake halifi haraka, bali hufifia polepole. Ili kulifuta, mashine hulinganisha vipindi viwili vya kusikiliza na kutoa kimoja katika kingine. Dhahabu ya ukubwa fulani, ambayo jibu lake linafanana na la udongo, hufutwa pamoja nao. Vilevile punje ndogo sana hujibu na kunyamaza kabla mashine haijaanza kusikiliza. Koili kubwa hufika chini zaidi kwa kipande kikubwa, lakini huziacha ndogo. Nguzo za umeme mkubwa huleta kelele, na mashine mbili zikifanya kazi karibu karibu husumbuana. Zaidi ya yote, mashine za mapigo hazitofautishi vizuri chuma na dhahabu. Mahali palipochimbwa kwa miaka mingi pana misumari, nyaya na vipande vya vyuma vya kuchorongea, na vyote hivyo vitachimbuliwa.

Dhahabu ya Kewanja ni ya namna gani?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Habari zinazovuma kuhusu detekta hutoka mahali penye vipande vikubwa vya dhahabu vilivyolala karibu na uso. Mwaka 1980, katika jimbo la Victoria huko Australia, mtu mwenye detekta alipata kipande cha zaidi ya kilo 27 kikiwa chini kidogo tu ya uso wa ardhi. Jangwa la Sudan nalo lilivutia maelfu ya watafutaji kuanzia mwaka 2009 hivi, kwa sababu kulikuwa na vipande vilivyoachwa juu na upepo na ardhi kavu isiyo na mashamba.

Nyamongo si hivyo. Dhahabu iliyolifanya eneo hilo lijulikane, na iliyofanya mgodi mkubwa ufunguliwe mwaka 2002, imo ndani ya miamba migumu, katika mishipa ya mawe meupe na pamoja na madini ya kiberiti. Sehemu kubwa ni chembe ambazo jicho haliwezi kuziona. Mwamba wenye gramu 5 kwa tani ni mwamba mzuri wa biashara, lakini maana yake ni sehemu tano katika milioni. Hakuna detekta inayoweza kulia juu ya jiwe hilo. Kila chembe iko peke yake, na jibu lake halifiki popote. Mtu anaweza kupita na mashine ya dola 6,000 juu ya mshipa wa kumtajirisha asisikie lolote, kisha akalia kwa furaha juu ya kifuniko cha soda hatua mbili mbele.

Isitoshe, sehemu kadhaa za Tarime zimefunikwa na lava changa iliyomwagika juu ya miamba ya kale. Dhahabu iliyo chini ya kifuniko hicho haiwezi kufikiwa kwa mashine ya mkononi hata kidogo.

Je, detekta haina kazi Kewanja? Inayo, ila ni kazi ndogo kuliko inavyotangazwa. Mshipa unapooza mlimani, baadhi ya punje nene huporomoka na kubaki katika udongo wa mteremko chini yake. Huko mashine inaweza kulipa. Inaweza pia kupitishwa juu ya rundo la mawe kabla hayajapelekwa karasha, ili kutenga yenye dhahabu nene, au juu ya udongo uliotolewa kwenye duara la zamani. Katika kazi hizo mtafutaji anajua dhahabu ilikotoka, na mashine inathibitisha. Haya ni matumizi ya msaidizi. Mashine haikuletwa kuwa kiongozi.

Hesabu ya mwenye mtaji

Tuchukue mfano, kwa hesabu za mviringo. Dhahabu ikiwa dola 4,000 kwa wakia ya gramu 31.1, gramu moja safi ni karibu dola 129. Dhahabu ya mchimbaji si safi. Tukikadiria usafi wa asilimia 85, gramu inabaki dola 109. Ukitoa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, kabla ya tozo nyingine, zinabaki karibu dola 102.

Mashine ya dola 6,000 inahitaji gramu 59 ili irudishe bei yake. Lakini mwenye mashine hachukui zote. Tukisema mgao ni sehemu tatu sawa, moja ya mwenye mashine, moja ya mtafutaji na moja ya mwenye eneo, basi lazima zipatikane gramu 177. Punje zikiwa na wastani wa gramu 0.3, hizo ni punje 590. Na ikiwa katika kila milio minne mmoja tu ni dhahabu, ni mashimo 2,360. Kijana anayechimba mashimo 20 kwa siku atafanya kazi siku 118 bila mapumziko, bila mvua na bila ugonjwa, kabla mwenye mtaji hajapata senti moja ya faida.

Bei ikirudi dola 3,000, hesabu hiyo hiyo inadai gramu 237 na siku 158. Yaani bei ikishuka kwa robo, kazi inaongezeka kwa theluthi. Na mfano huu umedhani kwamba punje 590 zipo. Katika shamba moja la Kewanja lenye dhahabu ya mwamba, huenda hazipo.

Mashine bandia

Mwenye mtaji akiona hesabu hiyo, hukimbilia mashine ya bei rahisi yenye jina kubwa. Huo ni mtego mwingine. Kampuni ya Codan, ambayo iliinunua Minelab mwaka 2008, iliumizwa vibaya na mashine bandia zilizotengenezwa China na kumwagwa katika masoko ya Afrika. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Juni 2014 faida yake ilishuka hadi dola za Australia milioni 9 hivi, kutoka milioni 45 mwaka uliotangulia, baada ya kulazimika kupunguza bei. Ilielezwa baadaye kwamba michoro yake iliibwa kupitia kompyuta ya mfanyakazi.

Ikiwa bandia ziliweza kuyumbisha kampuni iliyo katika soko la hisa, mnunuzi mmoja mmoja wa Musoma au Mwanza hana kinga yoyote isipokuwa macho yake. Mashine bandia huwaka, hulia, na huikuta sarafu mezani. Inashindwa pale tu inapokutana na udongo wa chuma, kwa sababu kufanana kwa sura hakuleti uwezo wa kuufuta udongo. Kuhusu vile vijiti na antena vinavyodaiwa kuona dhahabu umbali wa mita mia, inatosha kusema kwamba haviendani na kanuni yoyote iliyoelezwa hapo juu.

Jaribio la kweli hufanyika shambani, kamwe si dukani. Chukua kipande cha dhahabu chenye uzito unaojulikana, au chubwi ndogo ya nyavu, kwa kuwa risasi hujibu karibu sawa na dhahabu. Chimba mtaro katika udongo wa Kewanja, kisha toboa ukuta wake kwa ubavu na kuingiza kipande hicho kwa kina cha sentimita 10, halafu 20, halafu 30. Kwa njia hiyo udongo wa juu unabaki haukuguswa. Pitisha mashine. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwishajibu swali.

Deni la mashine na ukuta wa mgodi

Suala hili si la mwenye mtaji peke yake. Kijana aliyekabidhiwa mashine kwa makubaliano ya kurudisha kiasi fulani kila wiki ana deni, hata kama haliitwi deni. Shamba likikosa dhahabu, atatafuta mahali palipo nayo, na Nyamongo kila mtu anajua palipo nayo. Historia ya wavamizi wa vifusi vya mgodi ni ndefu na ya majonzi. Mei 2011 watu watano waliuawa kwa risasi za polisi katika mgodi huo. Mkataba unaomsukuma mtu upande ule wa ukuta ni mkataba mbaya, hata kama umeandikwa kwa nia njema.

Sheria nayo ina neno. Kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, kutafuta madini bila leseni ni kosa, na kubeba mashine badala ya sururu hakubadilishi hilo. Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Watanzania, na ndiyo mahali halali pa kuanzia. Ridhaa ya mwenye shamba nayo haina mbadala. Kadhalika, mwenye mashine asipokee mgao wake kwa dhahabu mkononi, kwani biashara ya dhahabu ina leseni yake. Dhahabu iuzwe katika masoko ya madini, ambayo yalianzia Geita mwezi Machi 2019, na mgao utoke katika fedha zenye stakabadhi.

Fedha zianzie wapi?

Kwa mtaji ule ule wa dola 6,000, mwenye akili ya biashara anaweza kuingia ubia na mwenye leseni, akagharimia mitaro michache ya kukata mteremko, akaponda sampuli na kuziosha kwenye karai, kisha zinazoonyesha rangi akazipeleka maabara. Maabara zipo Mwanza na kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini mjini Dodoma. Kipimo cha maabara huona dhahabu ambayo detekta haitaiona kamwe, na jibu lake ni namba ambayo mtu anaweza kuipeleka benki au kwa mbia mwingine. Mlio wa detekta haukopesheki.

Baada ya hapo, ikiwa mitaro imeonyesha punje nene katika udongo wa juu, ndipo mashine ina nafasi yake. Na hata wakati huo ni busara kuikodi kwa wiki kadhaa kabla ya kuinunua, na kuandika kwa tarehe kila shimo lililochimbwa na kilichopatikana. Daftari la wiki tatu litamweleza mwenye fedha zaidi ya maneno ya wauzaji kumi.

Dhahabu kupanda bei hakujaongeza hata punje moja katika udongo wa Kewanja. Kumeongeza tu idadi ya watu walio tayari kuuza matumaini. Mfanyabiashara wa mahindi hanunui gunia bila kuingiza mkono ndani. Anayeingia Nyamongo afanye vivyo hivyo: aushike udongo kwanza, aupime, kisha ndipo aulize bei ya mashine.